Nataka Kuhamia Goba Nipate Usingizi, Mume Wangu Hataki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni nesi, nina miaka 34, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miaka minne. Tunaishi Sinza, chumba na sebule na choo cha ndani, tunalipa 250,000 kwa mwezi. Nyumba yenyewe haina shida na mwenye nyumba ni mama mstaarabu. Shida ni ukuta wa nyuma. Mwaka jana upande wa pili wa ukuta huo ilifunguliwa baa. Muziki unaanza saa moja jioni, na wikiendi unakwenda mpaka saa tisa usiku. Mchana pale pale panaoshwa magari na spika haizimwi. Nikitoka shifti ya usiku nafika nyumbani saa tatu asubuhi, napitiwa na usingizi saa nne, saa tano niko macho na kichwa kinauma. Siku hizi kazini nasoma jina la mgonjwa kwenye faili mara tatu kabla ya kumchoma sindano, kwa sababu sijiamini tena.

Jumapili moja dalali alinipeleka Goba, pembezoni mwa Dar, ndani kama kilomita mbili kutoka barabara ya lami. Shangazi, niliposhuka kwenye bodaboda nilisimama tu nikasikiliza. Kulikuwa na sauti za kuku, basi. Nyumba ina vyumba viwili, sebule, jiko la ndani, fensi, geti, na mwembe uani. Kodi ni hiyo hiyo 250,000, ila mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima, milioni tatu, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Nikilipa miezi sita anasema itakuwa 300,000 kwa mwezi. LUKU ni ya kwetu peke yetu, maji ya DAWASA yapo na kuna tanki la lita 1,000. Dalali ananipigia kila siku. Anasema kuna watu wengine wawili wanaitaka na mwisho ni wiki hii.

Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi, kijiwe chake kiko Kariakoo. Nilipomwambia alijibu, "Siendi porini," akawasha televisheni. Nilipomrudia siku ya pili alisema mama yake yuko Manzese na hawezi kukaa mbali naye. Nilimweleza uzuri wa nyumba, hakutaka hata kwenda kuiona. Dada anayetusaidia kazi naye ameanza kununa, anasema huko hakuna watu.

Nina 2,400,000 za mgawo wa kikoba. Mume wangu anajua nimepata mgawo ila hajui ni kiasi gani. Nafikiria nikope kikoba 850,000 iliyobaki, riba yetu ni asilimia 10, nilipe mwaka mzima, kisha nimwonyeshe risiti. Nikishalipa najua atahama tu, hawezi kuacha hela iende bure. Kodi ya hapa Sinza inaisha mwisho wa mwezi wa kumi.

Nifanye hivyo, au nivumilie kelele kwa ajili ya amani ya ndoa?

Mama Wawili, Sinza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Hapo ulipo, hama. Hilo nakujibu kabla ya mengine yote, kwa sababu barua yako ina sentensi moja iliyonitia hofu kuliko zote, ile ya kusoma jina la mgonjwa mara tatu. Mtu anayefanya kazi usiku usingizi wake uko mchana, na akikosa mchana hana pengine pa kuupata. Wewe unabeba maisha ya watu mikononi. Haja yako ya kulala si anasa wala si kujidai.

Sasa niambie, hiyo sentensi umemwambia mumeo? Nimerudia barua yako nikaitafuta. Naona ulimweleza uzuri wa nyumba. Sioni mahali ulipomwambia kwamba mkono wako umeanza kukutia wasiwasi ukiwa na sindano. Yeye amesikia mke anataka nyumba nzuri yenye mwembe, na mwanamume mwenye kodi ya kulipa akisikia hivyo anaona ni tamaa ya nyumba. Hajasikia kwamba mkewe anaumia. Mwambie hilo kwanza, siku ambayo hukutoka kazini, televisheni ikiwa imezimwa, na usitaje Goba kabisa mpaka amalize kuuliza maswali yake.

Ya kulipa kimya kimya na kuonyesha risiti, usifanye. Nasema hivi nikijua kabisa pesa ni yako na umeitolea jasho. Lakini fikiria mwezi wa pili mkiwa Goba. Maji hayatoki, au mvua imenyesha na boda hafiki getini, na mtu huyu amefikishwa hapo kwa risiti. Kila kero ya ile nyumba itakuwa kosa lako, na hautakuwa na wa kushirikiana naye kuitatua. Utakuwa umepata ukimya wa nje ukapoteza maongezi ya ndani. Na deni la 850,000 lenye riba ya 85,000 utalilipa peke yako huku umeficha kiasi cha mgawo. Mambo hayo mawili yakigundulika kwa pamoja, mtagombana juu ya uaminifu, na nyumba haitatajwa hata.

Halafu mwangalie mumeo vizuri. Amesema porini, amesema mama yake. Mimi ninachokisikia ni wateja. Fundi wa friji anaishi kwa simu. Bucha ya Magomeni friji imekufa saa mbili usiku, nyama inaharibika, mwenye bucha anampigia fundi anayeweza kufika ndani ya nusu saa. Akiwa Sinza anafika. Akiwa Goba ndani, kilomita mbili za vumbi, na begi la vifaa na mtungi wa gesi juu ya bodaboda, mteja atampigia mwingine. Wanaume wengi hawatasema "naogopa kupoteza kazi" mbele ya mke mwenye mshahara, watasema huko ni porini. Muulize moja kwa moja: wateja wako wa usiku ni wangapi, wako wapi, na kutoka Goba ungewafikiaje? Sasa mtakuwa mnazungumza jambo lenye majibu. Goba haina njia moja. Kuna lami ya kushukia Mbezi Mwisho, ambako ukiifuata barabara ya Morogoro unafika Kimara na kupanda mwendokasi wa Gerezani, mlangoni kabisa mwa Kariakoo. Kuna ya kutokea Makongo kwenda Mwenge. Kuna ya Tangi Bovu, inayoingia barabara ya Bagamoyo. Akizijua hizo tatu huenda akaona eneo lake la kazi linapanuka upande wa Mbezi na Tegeta, ambako viyoyozi ni vingi na mafundi wa kuaminika wanatafutwa.

Ila zile kilomita mbili, mwanangu, hapo mimi niko upande wake.

Chukua kalamu. Boda kutoka ndani mpaka lami tuseme 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Mumeo akitoka siku 26 kwa mwezi ni 78,000. Wewe ukitoka siku 22 ni 66,000, na sijaweka bei ya usiku, ambayo hupanda. Mpaka hapo ni 144,000, na hamjagusa daladala wala safari ya sokoni. Ile kodi ya 250,000 imeshakuwa 394,000. Ukilipa kwa miezi sita ni 444,000. Kwa maana hiyo nyumba ya 330,000 unayoweza kutembea kwa miguu mpaka lami ni rahisi kuliko hii ya 250,000, na nguo zako za kazi zitafika hospitali zikiwa nyeupe. Ushauri wangu ni mtafute Goba hiyo hiyo, au Makongo Juu, au Mbezi kwa ndani kidogo, nyumba iliyo dakika kumi za miguu kutoka kituoni. Hata ikiwa na chumba kimoja pungufu. Hata bila mwembe. Bei anayokutajia dalali haina usafiri ndani yake, na watu wengi wanaohamia pembezoni wanashindwa na usafiri kabla ya kodi kuwashinda.

Kuna jambo lingine ambalo katika hali yako ni kubwa kuliko kwa mpangaji mwingine yeyote. Uliiona nyumba Jumapili. Jumapili mafundi hawafanyi kazi. Goba ni mji unaojengwa, na kelele zake ni za mchana: mashine ya kufyatulia tofali, mchomeleaji wa mageti na grinda yake, malori ya mchanga na kokoto, nyundo za paa. Anayefanya kazi ya ofisini hazimsumbui, anatoka asubuhi na kurudi mafundi wameshaondoka. Wewe ndizo saa zako za kulala. Ukimbie baa ya usiku ukalale karibu na fyatua tofali ya mchana, hutakuwa umehama. Kwa hiyo rudi siku ya kazi, Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi, ukae ndani ya chumba utakacholala, madirisha yakiwa wazi, walau saa nzima. Tazama viwanja vitupu vinavyoizunguka nyumba na uulize kila kimoja ni cha nani na anataka kujenga nini. Kiwanja kitupu leo kinaweza kuwa karakana mwezi wa kwanza. Kisha rudi Jumamosi usiku mkiwa wawili, kwa sababu na baa zinahamia huko kama watu wanavyohamia.

Dalali akikosa subira, mwache. Dalali anayekuhimiza ulipe kabla hujaona nyumba siku ya kazi anajua kwa nini anakuhimiza. Na usimpe hata senti ya "kushikilia nyumba". Pesa ya kodi inakwenda kwa mwenye nyumba, mkononi mwake au kwenye akaunti yenye jina lake, mkiwa na mkataba, na umeshaona kithibitisho kwamba nyumba ni yake: hati, au mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa, na jina lifanane na kitambulisho. Pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize, huyu bwana mnamfahamu, na nyumba hii ina mgogoro? Pembezoni mwa Dar viwanja vingi vimeuziwa watu wawili. Mpangaji hatolewi kwa kosa lake, anatolewa kwa sababu mwenye nyumba ameshindwa kesi.

Suala la mwaka mzima linanikasirisha, nikuambie ukweli. Mtu analipwa mshahara kwa mwezi halafu anadaiwa kodi ya miezi 12 kwa mpigo. Hakuna sheria inayokulazimisha ulipe mwaka. Lakini hakuna pia inayomkataza kuomba, kwa sababu ile sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba mnaoandika wenyewe. Ndiyo maana karatasi hiyo ina uzito. Kwa nyumba usiyoijua, katika mtaa usioujua, na mume asiye na uhakika, mimi nisingelipa mwaka hata kama ningekuwa nayo. Lipa miezi sita. Akitaka 300,000 mwambie 270,000, mkutane katikati. Hata akikataa kabisa, ile 50,000 ya ziada kwa miezi sita ni 300,000 nzima, na hiyo ndiyo bei ya uhuru wa kuondoka iwapo pamewashinda. Kwenye 2,400,000 yako utalipa 1,800,000 na dalali 300,000, ukabaki na 300,000 ya kirikuu cha kuhamisha vitu na mapazia. Hakuna mkopo, hakuna riba.

Kwenye mkataba hakikisha imeandikwa kodi haitapanda kabla ya mwaka kwisha hata kama mnalipa kwa miezi sita sita. Iandikwe pia notisi ya kila upande ni ya muda gani, nani anatengeneza bomba likipasuka na paa likivuja, na ukiondoka kabla ya muda kodi iliyobaki inafanywaje. Saini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mwanasheria, kila mmoja abaki na nakala. Mkigombana huko mbele, mnaanzia serikali ya mtaa na baraza la kata kwa usuluhishi, na mlango wa kesi yenyewe ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

LUKU. Kabla ya kulipa kodi, chukua namba ya mita ukanunue umeme wa elfu mbili tatu, uone umeandikiwa uniti ngapi na umekatwa nini. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, wewe unaitoa tu kwa sababu ndiye unayenunua umeme. Kwa mwaka ni 18,000, muwekeane kwenye mkataba kwamba itatolewa kwenye kodi yako ya nyumba. Si pesa nyingi, lakini ni nzuri kwa kumpima mwenye nyumba: anayekataa 18,000 ambayo kisheria ni yake, siku bomba likipasuka atasemaje?

Maji usiulize kama yapo. Uliza jirani, wala si dalali, yanatoka siku gani na saa ngapi, na yakikatika huwa yanakatika kwa muda gani. Jiji lilishaonja mgawo mwezi wa kumi 2022 mto Ruvu ulipopungua, na wa milimani ndio wanaoumia kwanza. Watu watano mkitumia ndoo kumi kwa siku ni lita 200, na tanki lako la lita 1,000 linakwisha siku ya tano. Kama mgawo unafika wiki, mtanunua boza, na boza halipandi kila kilima.

Na mvua. Umeiona Goba kiangazi. Ni milima na makorongo, na udongo wake unakatika. Tembea mzunguko wa fensi kwa nje, utazame kama kuna ufa ukutani na korongo liko umbali gani. Waulize vijana wa bodaboda pale kituoni, "Mwezi wa nne mnafikaje kule?" Hao hawana sababu ya kukudanganya.

Hao vijana wa bodaboda nataka nikae nao kidogo, maana wewe ni mtu wa shifti. Siku za shifti ya mchana utashuka kwenye daladala saa tatu au saa nne usiku, na mtaa ule unaousifia ukimya wake, saa hizo ukimya wake ni mwingine. Nyumba zina fensi, mageti yamefungwa, taa za barabarani hakuna. Sinza mtu akikufuata unapiga kelele na watu kumi wanatoka. Kule anaweza asitoke mtu, si kwa ubaya, bali kwa sababu hawajui sauti yako. Kwa hiyo hata kabla ya kuhamisha kitanda, chagueni wewe na mumeo bodaboda mmoja wa kijiwe kinachojulikana, mtu mzima mwenye familia mtaani hapo, mwenyekiti wa kijiwe awe anamfahamu. Awe wenu wa usiku, mlipe vizuri, na mumeo awe na namba yake. Hili nalo ni sababu ya kutafuta nyumba karibu na lami.

Wiki ya kwanza nendeni wote wawili kwa mjumbe mkajitambulishe na mpeleke barua ya utambulisho kutoka Sinza. Uliza kama kuna ulinzi shirikishi na mchango wake ni kiasi gani, muwe mnaulipa kwa wakati bila kufuatwa. Msiba ukitokea nyumba ya tatu, nenda, hata kwa nusu saa, hata ukiwa umechoka. Wahamiaji wengi wa mitaa ya fensi wanaishi miaka bila kumjua wa nyumba ya pili, wanadhani huo ndio utulivu waliolipia, mpaka usiku mtoto anapochemka homa na hawana wa kumgongea. Wewe ni nesi. Ukijulikana tu kwamba ni nesi, jirani watakuja wenyewe, na utapata kazi kubwa ya kuwafundisha wasikugongee mchana ukiwa umelala. Iseme mapema na kwa upole, weka hata karatasi getini. Wataelewa, watu wanaheshimu kazi hiyo.

Mama mkwe asiachwe nje ya mazungumzo. Mwende mumwambie pamoja, na mumeo apange siku ya Manzese kila wiki, tena siku atakayokuwa anapita huko kikazi. Dada wa kazi mpeleke aone, msikilize. Ananuna kwa sababu ndiye atakayekaa na geti limefungwa kutwa nzima na mtoto wa miaka minne, na jambo hilo si dogo kwa msichana aliyezoea majirani wa ukuta kwa ukuta. Mpe siku yake ya kutoka, na uangalie kama karibu kuna shule ya awali ya mtoto mdogo. Yule wa darasa la tatu, kama yuko shule ya serikali, Sinza na Goba zote ni Manispaa ya Ubungo kwa hiyo uhamisho hauvuki manispaa, ila ni bora ahame mwezi wa kwanza kuliko katikati ya muhula. Kama yuko shule ya binafsi, uliza basi la shule litampitia saa ngapi. Ukiambiwa saa kumi na moja alfajiri, hesabu usingizi wake naye.

Wakati mkitafuta, msiiache baa itambe. Una mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, na hakuna sababu ya kuteseka mpaka siku hiyo. Zungumza na mama mwenye nyumba na wapangaji wenzako, muandike barua moja mtie saini wengi, mpeleke serikali ya mtaa. Wasipochukua hatua ipelekeni NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali. Kuna kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, na baa za Dar zimeshawahi kufungiwa kwa ajili ya hizo. Huenda isifungwe, lakini spika ya mchana wakiipunguza tu umepata saa tatu za kulala. Hata mkihama, atakayepanga hapo nyuma yenu atawashukuru.

La mwisho ni la kazini. Ukishajua tarehe ya kuhama, mwone muuguzi mfawidhi wako mapema, umwombe akupange shifti za asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo. Mpe sababu ya kweli. Hutaki kuijifunza njia ya kurudi nyumbani usiku kabla hujaijua mchana, na mumeo atakuwa na jioni za kukuzungusha mtaani mpaka muijue wote wawili.